Majina Matano ya Kauli Moja

Kiangazi cha mwaka 45 KK, chombo kimoja kilifika kwenye nyumba ya Cicero iliyokuwa kando ya bahari, na mabaharia wake, bila wao kujua, wakamharibia kitabu. Kitabu hicho, Academica, kilikuwa kimekwisha kuandikwa na kilikuwa kwa rafiki yake Atticus, mwenye wanakili. Humo Cicero alihitaji neno la Kilatini la kushika nafasi ya epoche, neno ambalo Wagiriki wa Akademia, shule ya Plato, walilitumia kwa hali ya mtu kuizuia hukumu yake: hakubali, hakatai, anangoja. Atticus alikuwa amempendekezea inhibere, neno la wapiga makasia, naye alilipenda sana. Alidhani amri hiyo ikitolewa makasia husimama hewani na chombo kikatulia. Siku ile ndipo alipogundua kwamba sivyo. Makasia hayasimami hata kidogo. Yanapigwa kinyume, chombo kirudi nyuma. Akamwandikia Atticus kumtaka arudishe neno la kwanza, sustinere, na amweleze hivyo hivyo Varro, aliyetungiwa kitabu, kama naye amekwisha kubadilisha.

Aliyekuwa akihangaika na amri ya wapiga makasia alikuwa mzee wa miaka 61, aliyewahi kuwa konsuli, cheo cha juu kabisa cha dola. Caesar alikuwa ameshika madaraka yote, Seneti imebaki jina, na mwezi Februari mwaka uleule Cicero alikuwa amefiwa na binti yake Tullia. Hakuwa na kesi ya kutetea wala hotuba ya kutoa. Akaingia kuandika falsafa kwa Kilatini, kitabu juu ya kitabu. Mawazo hayakumpa taabu kubwa. Yalikuwepo tayari kwa Kigiriki na aliyajua tangu ujana. Kilichomtaabisha ni msamiati, na wa mantiki kuliko mwingine wote. Mtu anaweza kueleza ujasiri au urafiki kwa maneno ya sokoni akaeleweka, lakini mantiki huanza na maneno yake yenyewe. Ukikosa jina la kauli, la hitimisho, la kile kinachosemwa na kile kinachosemewa, huna cha kufundisha.

Roma ilikuwa imeionja elimu hiyo zaidi ya miaka mia moja nyuma. Mwaka 155 KK Athens, iliyotozwa faini ya talanta 500 kwa kuupora mji wa Oropus, ilituma wanafalsafa watatu kuomba ipunguziwe: Carneades wa Akademia, Diogenes wa Babeli aliyeongoza Wastoa, na Critolaus wa shule ya Aristotle. Ndani ya Seneti walitafsiriwa na seneta mmoja, Gaius Acilius. Nje, vijana walifurika kumsikiliza Carneades akiitetea haki siku moja na kuibomoa siku ya pili yake. Cato Mzee hakustahimili. Alihimiza shauri la faini liamuliwe haraka, wageni warudi kwao wakawafundishe watoto wa Kigiriki. Wakaenda zao, lakini vijana walikuwa wamekwisha kuonja.

Ndani ya Academica, Varro anapewa nafasi ya kutoa pingamizi ambalo kwa maoni yangu Cicero hakulijibu vizuri. Anayejua Kigiriki, anasema, atasoma Kigiriki. Asiyekijua hatavutwa na mambo haya hata yakiandikwa kwa Kilatini. Kwa ajili ya nani basi tunajisumbua? Cicero anajibu kizalendo, na mahali pengine anadai kwamba Kilatini si maskini bali hata kinakizidi Kigiriki kwa utajiri, dai ambalo barua yake kuhusu makasia inalikanusha. Lakini wawili hao wanakubaliana juu ya jambo la maana. Kila fani ina maneno yake, wala hata Kigiriki cha wanafalsafa hakikuwa Kigiriki cha barabarani. Basi philosophia, rhetorica na dialectica, ambayo masikio yamekwisha kuyazoea, yaachwe yalivyo. Jina la elimu likabaki la Kigiriki. Vilivyomo ndani ndivyo vilivyogombaniwa.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni logos. Kwa Mgiriki logos ni neno, ni usemi, ni hesabu, ni sababu, ni akili inayopima. Mroma alikuwa na ratio, nalo lilitoka kwenye mahesabu ya fedha: rationes ni zile hesabu ambazo msimamizi wa shamba, mtumwa, alimtolea bwana wake akija kukagua. Cicero akalipandisha cheo. Liliubeba vizuri upande wa kupima na kufikiri, upande wa kusema likauacha chini, hivyo mara nyingi akaliandamanisha na oratio, usemi, akifurahia pia jinsi yanavyolingana kwa sauti. Wakristo wa Kilatini walikwama palepale walipoufikia mwanzo wa Injili ya Yohana. Tertullian wa Carthage, mapema katika karne ya 3 BK, anaandika kwamba watu wake wamezoea kusema sermo, yaani mazungumzo, ingawa kwa haki ratio ndiyo iliyotangulia. Baadaye Vulgata ikaweka verbum, na anayesoma "Neno" katika Biblia ya Kiswahili yuko upande huohuo wa usemi. Upande wa hesabu na sababu haumfikii.

Kazi ilikuwa nyepesi zaidi palipokuwa na kitendo cha mwili nyuma ya istilahi. Zeno, mwanzilishi wa Wastoa, alifundisha kwa mkono. Ananyoosha kiganja, vidole wazi: hii ni taswira inayoiingia akili. Anavikunja vidole kidogo: hii ni kuikubali. Anafumba ngumi: hii ni katalepsis, kushika. Kisha analeta mkono wa kushoto na kuibana ngumi ile kwa nguvu zote: haya ndiyo maarifa, na hana maarifa hayo ila mwenye hekima. Ni Cicero anayetusimulia onyesho hilo, naye kila hatua aliipa jina: visum, assensus, comprehensio, scientia. Comprehendere ni kukamata kwa mkono, kama askari anavyomkamata mwizi, kwa hiyo aliyeuona mkono wa Zeno hakuhitaji kuelezwa zaidi. Hata hivyo si kila neno lenye bahati lilikuwa na picha. Plato alipobuni poiotes, "u-namna-gani", alimfanya Socrates aombe radhi kwa neno geni namna hiyo. Cicero akaliigiza kwa qualitas, kutoka qualis, nalo likaenda mbali kuliko karibu kila neno lingine alilolitunga.

Na kuna alipoweka kalamu chini. Sorites linatoka kwa soros, rundo. Punje moja ya ngano si rundo. Mbili je? Tatu? Muulizaji anaongeza punje moja moja, nawe kila mara unaona haya kusema kwamba punje hiyo moja ndiyo iliyogeuza kisicho rundo kuwa rundo; ukija kushtuka umekana rundo lililo mbele ya macho yako. Chrysippus, mwanamantiki mkuu wa Wastoa, alikuwa na dawa yake: kabla maswali hayajafika penye utata, nyamaza upumzike. Carneades alimcheka. Pumzika, koroma ukipenda, lakini atakuja mtu akuamshe na kukuuliza palepale ulipoachia.

Tafsiri ya sorites ilikuwepo. Acervus ni rundo, kwa hiyo hoja hiyo ingeitwa acervalis, neno safi lisilo na kosa. Katika De divinatione Cicero analitaja na kulitupa papo hapo: halihitajiki, maana sorites limekwisha kulainika vinywani mwa Waroma sawa na philosophia lenyewe. Uamuzi huu mdogo unanivutia kuliko majigambo yake yote juu ya utajiri wa Kilatini. Mtu aliyekuwa na neno la kwao mkononi, tena zuri, aliliacha kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kupata la kusemea.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya axioma. Wastoa waliita hivyo kauli kamili inayoweza kuwa kweli au uongo, na mfano wao waupendao ulikuwa mwepesi kabisa: kumekucha. Bila jina la kitu hicho huwezi kupiga hatua, maana hoja zote za Kistoa hujengwa kwa kauli nzima nzima: kama kumekucha, kuna mwanga; kumekucha; basi kuna mwanga. Waroma wakalipa majina hayo haya. Aelius Stilo, mwalimu wa Varro, na Varro mwenyewe walisema proloquium. Mahali pengine Varro alisema profatum. Cicero peke yake ana matatu: katika Academica anasema effatum, katika Tusculanae anasema pronuntiatum na kuahidi kulibadilisha akipata lililo bora, na katika De fato anaandika enuntiatio. Karibu yote yanazunguka wazo moja la kutamka kitu kikatoka nje, na kila moja ni la haki. Msomaji wa Kiswahili aliyepitia tarakilishi, ngamizi na kompyuta anaijua hali hiyo inavyokuwa darasani.

Aulus Gellius aliipitia yeye mwenyewe, karne ya 2 BK. Alitaka kujifunza mantiki, akaambiwa aanze na axiomata. Akakitafuta kitabu cha Aelius Stilo, akakipata katika maktaba ya Hekalu la Amani pale Roma, akakisoma. Hakikumfunza kitu. Aelius, anasema, alikuwa kama aliyejiandikia ili asisahau. Gellius akarudi kwenye vitabu vya Kigiriki kwa kukosa njia nyingine, na maelezo yake kwa Kilatini yanaacha mara kwa mara neno la Kigiriki likae lilivyo katikati ya sentensi. Anaungama pia kwamba elimu hii mwanzoni ni chungu na inachosha, lakini ukishaingia ndani tamaa yake haishibi, na ni vyema mtu ajiwekee kikomo asije akazeekea humo. Hapo nadhani alikuwa akijisema.

Seneca, aliyemtangulia Gellius kwa karne nzima, hakuwa na subira na mchezo wote huu. Katika barua moja kwa rafiki yake Lucilius anatoa mfano wa hoja za aina hiyo: mus, yaani panya, ni silabi, panya hula jibini, basi silabi hula jibini. Kisha anajifanya ameingiwa na hofu kwamba siku moja atanasa silabi mtegoni, au kitabu kitamlia jibini lake. (Kwa Kiswahili hoja haikamiliki, panya akiwa na silabi mbili.) Lakini Seneca huyuhuyu, alipotaka neno la sophismata, aliona hakuna la Kilatini lililokubalika, akachagua cavillationes la Cicero. Na alipolazimika kutaja ousia, aliomba ruhusa ya Lucilius kabla ya kuandika essentia, akijikinga nyuma ya jina la Cicero kana kwamba ameshika kitu kinachonuka. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa wakati uleule, naye aliliona neno hilo gumu kama jiwe. Yeye alikuwa mwepesi wa kuamua. Enthymema, anasema, linaweza kutafsiriwa commentum kwa kuwa hatuna namna nyingine, ila ni bora kulitumia la Kigiriki. Syllogismus pia analitumia bila kuomba radhi. Nafikiri tofauti yao ni ya kazi: Seneca aliandika barua za kusomwa na waungwana, Quintilian alikuwa na wanafunzi wa kufunza.

Kuanzia hapo kazi ikahamia Afrika Kaskazini, jambo ambalo historia nyingi za mantiki hulipita mbiombio. Apuleius alitoka Madauros, katika Algeria ya leo. Kitabu kidogo cha mantiki chenye jina lake, ingawa wataalamu wanabishana kama kweli ni chake, kinaorodhesha majina ya watangulizi kama hakimu anayesoma majina ya washtakiwa: Sergius alisema hivi, Varro vile, Cicero vingine, Wagiriki protasis na axioma. Mwandishi anajaribu tafsiri zake mbili za neno kwa neno, zote mbovu, kisha anasema kwamba kwa mazoea itaitwa propositio. Neno la kawaida kabisa hilo, la kuweka kitu mbele ya watu. Likayazika yote matano.

Augustine, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, hakuwa mbali na Madauros. Alisoma hapo utotoni. Akiwa na umri wa miaka 20 hivi alikisoma peke yake kitabu cha Aristotle cha kategoria kumi, kwa Kilatini. Mwalimu wake wa Carthage alikuwa akilitaja jina la kitabu hicho mashavu yamemvimba kwa majivuno, na kijana alidhani humo kuna kitu kikubwa cha kimungu. Alipowauliza wenzake waliofundishwa na mabingwa, tena kwa michoro ya mavumbini, hawakuwa na la ziada kuliko alilolielewa mwenyewe. Kategoria, kwa Mgiriki wa kawaida, ni mashtaka: kategorein ni kumshtaki mtu hadharani. Aristotle alilichukua neno la mahakamani akalifanya la kila jambo linalosemwa juu ya kitu. Kwa masikio ya Carthage mahakama ile haikusikika tena. Kilichosikika ni ugeni wa neno, na ugeni huo ndio uliovimbisha mashavu ya mwalimu.

Martianus Capella, naye mtu wa Carthage, karne ya 5, aliipa elimu hii mwili. Katika kitabu chake, Dialectica anaingia harusini mwa miungu akiwa mwanamke mwenye uso uliopauka na nywele zilizosukwa kwa ufundi. Mkono wa kulia ana vibao vya nta, na wa kushoto, chini ya vazi, kuna nyoka aliyejiviringisha. Ni mgeni kutoka Ugiriki, na Varro ndiye anayemshukuru kwa kumwezesha kunena Kilatini.

Msamiati ulioshinda, hata hivyo, ulipitia kwa mtu wa Roma. Boethius, aliyezaliwa mwaka 480 hivi, alikusudia kuwatafsiri Plato na Aristotle wote. Alianza na Isagoge, utangulizi wa Porphyry, kwanza akitumia tafsiri ya Marius Victorinus, Mwafrika mwingine, kisha akaiona ina makosa na kuifanya upya. Akatafsiri karibu vitabu vyote vya mantiki vya Aristotle, kabla ya kushtakiwa kwa uhaini na kuuawa mnamo 524 chini ya mfalme Theodoric. Alitafsiri neno kwa neno, akijua kwamba wenye kupenda ufasaha watamlaumu. Mahali pa hypokeimenon, kilicholala chini, akaweka subiectum. Mahali pa kile kinachoshtakiwa akaweka praedicatum, kilichotangazwa, na mahakama ya Aristotle ikawa mbiu ya mgambo. Horos, jiwe la mpaka, akalifanya terminus, ambalo nalo ni jiwe la mpaka, na kwa Waroma pia ni mungu aliyekuwa na sikukuu yake tarehe 23 Februari. Lakini syllogismus halikuguswa.

Boethius hana madaha ya Cicero, na kumsoma kunachosha. Lakini kwa karne kadhaa Ulaya ya Kilatini haikuwa na Aristotle mwingine, na mtoto aliyefundishwa kwa propositio, subiectum na terminus hakuwa na sababu ya kuuliza kama effatum lilikuwa tamu zaidi.

Wakati maneno haya yakikaa katika nyumba za watawa za Magharibi, vitabu vilevile vilishika njia nyingine, kutoka Kigiriki hadi Kisiria na kutoka Kisiria hadi Kiarabu, Baghdad. Huko logike ikawa mantiq, kutoka kunena: Waarabu waliushika upande wa logos ambao ratio iliuacha. Kauli ikawa qadiyya, hoja ya Aristotle ikawa qiyas, uthibitisho burhan, hitimisho natija. Wao pia waliacha baadhi ya majina kama yalivyokuwa, falsafa likiwemo, na karne ya 13 al-Abhari aliandika kitabu cha kufundishia mantiki kilichojulikana kwa jina la Isaghuji, ambalo ni Isagoge ya Porphyry kwa matamshi ya Kiarabu. Kiswahili kiliyapokea mengi ya maneno hayo kwa mlango wa dini, sheria na biashara: kadhia, kiyasi, burhani, natija. Tunayatumia kila siku kwa mambo ya kesi, vipimo na faida, na mara chache mno kwa mantiki yenyewe.

Katika karne ya 13, walimu wa vyuo vya Ulaya walichoka kuchagua kati ya lugha mbili. Walikuwa na aina kadhaa za hoja za kukaririsha, na badala ya kutafsiri au kukopa wakatunga maneno ya kushikia tu. Yamo katika vitabu vya William wa Sherwood na Peter wa Hispania. Irabu ndizo zinazobeba maana: a na i zimetolewa katika affirmo, nakiri, e na o katika nego, nakanusha. Hoja yenye kauli tatu za kukiri juu ya wote inaitwa Barbara, na sijui kama waliotunga walicheka walipoona wametua kwenye neno ambalo Wagiriki walimwitia kila asiyejua Kigiriki, Waroma wakiwemo. Yanayofuata nayo hayakutungwa kwa ajili ya maana. Celarent. Baroco. Katika Baroco herufi ya kwanza inamwambia mwanafunzi kwamba hoja hii huthibitishwa kwa kurudishwa kwenye Barbara. C inamwambia njia yenyewe, kwamba adhanie hitimisho ni la uongo kisha aone linagongana na nini. Na r haimwambii kitu, imewekwa ili neno litamkike.